Bibi wa Nyuma

Nimeinunua santuri hii kwa pensi hamsini
katika duka la hisani, mjini Bolton, mvua ikinyesha,
kati ya birika lisilo na kifuniko
na viatu vya kike, kisigino kimelika upande.
Jaladani yumo Cyril Haslam, mchekeshaji,
suti ya mirabaraba, kofia ya duara,
masharubu ya gundi, moja limeanza kubanduka.
Muuzaji akauliza, "Nani huyu?"
Nikasema simjui.

Mwaka wa sitini na tatu Haslam alichoka kuanguka.
Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuanguka ngazini,
ndani ya ngoma, ndani ya ndoo ya rangi,
watu wakilipa, watoto wakijikojolea.
Sasa alitaka kuimba.
Nyimbo za nyanyake, za kumenyea viazi,
za kumbi zilizokwisha kugeuzwa maghala ya matairi:
muuza samaki aliyeoa mara tatu kwa bahati mbaya,
mwezi ulionaswa na bomba la moshi.
Sauti hakuwa nayo. Alikuwa na koo,
nalo limejaa changarawe.

Nyimbo kama zile hufa mbele ya viti vitupu,
basi wakaletwa wanawake arubaini wa kiwanda cha biskuti,
unga ungali nyweleni,
kila mmoja kipande cha pai na bia nyeusi nusu glasi.
Wakaambiwa: ukijua kiitikio, itikia;
ukitaka kucheka, cheka.
Mama alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.
Mimi nilikuwa nimeachwa kwa jirani, nina surua.

Upande wa pili, wimbo wa tatu:

    Mpangaji katoroka,
    usiku watu walala,
    na kitanda kaondoka,
    mwenyewe juu kalala!

Ukumbi unalipuka, unatulia.
Piano inavuta pumzi.
Kisha, baada ya sekunde nne (nimezihesabu),
inakuja sauti moja, peke yake,
kama birika linalochemka wageni wakishaaga:
mama amefika.

Hakuwa mzito wa akili, msimdhanie hivyo.
Alikuwa bado anakifikiria kitanda.
Kilipitaje mlangoni?
Ndivyo alivyokuwa. Ukimsimulia kisa cha mfalme
atakuuliza nani alifua mashuka.

Na Haslam, bila kupoteza pigo,
"Karibu, bibi wa nyuma. Tulikuwa tunakungoja."

Kila Krismasi baba aliipiga mbele ya wageni,
naye akakimbilia jikoni, aproni usoni.
Baba alipokufa hatukuisikia tena,
au ndivyo nilivyodhani.
Maana hapo, hapo hasa, sindano inaruka:
bibi wa nyuma, bibi wa nyuma, bibi wa nyuma.
Mtu amelima pale.
Mtu amerudisha mkono wa gramafoni pale pale
jioni nyingi, nyumba ikiwa tupu,
apate kungojwa.

Mwezi wa tatu nilifunga maboksi yake tisa
nikayapeleka dukani bila kufungua hata moja.
Nilikuwa na haraka. Gari lilikuwa la kuazima.

Jana yake walikuja vijana wawili wa hospitali
kuchukua kile kitanda cha magurudumu
alichokifia sebuleni.
Wakakisukuma, kikakwama.
Wakakivuta, kikakwama.
Mmoja akavua koti, akakuna kichwa,
akasema, "Sasa kiliingiaje?"
Nikatia saini karatasi yao. Nikawapa chai.
Mwishowe walikilaza ubavu kikatoka,
kimeacha mkwaruzo mrefu kwenye rangi ya mlango.

Leo nimesimama dukani, mvua ikinyesha,
nimeshika Haslam kwa mikono miwili,
nimekwisha lipa, nimekwisha kusema simjui,
ndipo nikacheka.
Kwa sauti. Peke yangu.
Muuzaji aliniangalia, akaangalia viatu,
akanyoosha mkono kupanga birika lisilo na kifuniko.